Kibati cha Mwinshehe

Picha ya Ndege,
Kibaha.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Zubeda,

Pokea salamu zangu na za wote hapa. Vipi goti lako na baridi ya Songea? Wajukuu hawajambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio unachemka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitafoka, na nyumba hii watu wanasikia kila kitu.

Tangu Faraji anitoe Mzenga nije kuishi naye, sijaingilia jiko la mkewe Naila. Changu kilikuwa kiboksi kimoja chini ya meza: chupa ya soda ya kusukumia chapati, spoku ya baiskeli ya kugeuzia maandazi, na kile kibati cha kukunia tangawizi alichokitengeneza marehemu shemeji yako Mwinshehe, kwa kopo la mafuta na msumari.

Wiki iliyopita nilikwenda Mzenga kupalilia muhogo. Siku mbili tu! Narudi, kiboksi hakipo. Naila amempa mnunuzi wa vyuma chakavu, akapewa beseni la plastiki. Beseni, Zubeda! Hata maji ya moto halihimili.

Kumuuliza, akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionikera: "Mama, vile si vilikuwa takataka? Wageni wakija tunaona aibu. Halafu blenda nimekununulia."

Blenda! Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi, tangawizi ikakaa humo nzima nzima.

Na Faraji, mwanangu wa kumzaa, eti mkewe alikuwa na nia njema. Kifua chote kile kimejengwa kwa chapati za chupa, leo chupa inamtia aibu!

Nimezunguka kwa wanunuzi wa vyuma watatu. Wa mwisho akanionyesha lundo lililokwisha pondwa: "Bibi, hapo utatafuta mpaka lini?" Nikalia mbele za watu. Chupa zipo, spoku zipo. Lakini yale matundu aliyatoboa Mwinshehe kwa mkono wake, na mkono wenyewe ndio huo haupo tena.

Msalimie mumeo Hussen, na Rama na watoto wake. Naila naye anakusalimu. Aliniagiza, nami nimefikisha. Mwenyezi Mungu atuhifadhie tulivyobakiwa navyo.

Nina ombi moja. Siku ile Mwinshehe alipokitengeneza, kopo lilitoa vibati viwili, kimoja akakupa wewe. Kama unacho, usinitumie, huku watakibadilisha na ndoo. Ila siku ukikuna tangawizi, nipigie, uweke simu karibu, wala usiseme kitu. Nisikie tu.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Swaumu