Mama wa Namba 47 Hajui Kwamba Namjua

Shangazi Nyaguthii mpendwa,

Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa maana Jumamosi ndiyo siku yangu ya kwenda Kapseret kununua maziwa, na sijui kama nastahili kwenda tena.

Nina miaka ishirini na tisa, naishi mtaa wa West Indies, na ninasoma shahada ya pili ya takwimu hapa Eldoret. Ninajifunza kuchambua majibu ya watu wanaoulizwa swali lile lile mara nyingi kwa siku, siku nyingi mfululizo, ili modeli, yaani mlinganyo wa hesabu, ionyeshe jinsi moyo wa mtu mmoja unavyopanda na kushuka, siyo tu jinsi watu wanavyotofautiana. Mwalimu wangu, Daktari Javan, alinipa majibu ya kina mama tisini wafugaji, simu ilikuwa inawauliza mara tano kwa siku, "Sasa hivi unajisikiaje?" nao wanabonyeza sifuri hadi kumi, na majina hayakuwepo, namba tu.

Shangazi, miezi miwili nilihangaika, modeli inakataa, halafu siku moja nikachora laini ya kila mama peke yake, nikakutana na namba 47. Sijui nikuambie vipi. Asubuhi laini yake inapanda polepole kama ukungu unaotoka shambani, saa nane mchana inaanguka ghafla, jioni wakati wa kukamua inarudi juu, na kila siku ni hivyo, nikajikuta nimeanza kuishi naye, saa nane ikifika naweka kijiko chini kwa ajili yake, jioni nikipika chai najua mahali fulani ameinama kando ya ng'ombe na moyo umetulia. Halafu siku ya thelathini na moja laini ikakatika. Daktari Javan akasema, "Hiyo ni kawaida, Apondi. Watu huchoka. Modeli itaziba pengo." Langu halikuzibika, niliogopa amekufa. Nikamwendea Jelagat, yule aliyewaandikisha kina mama, nikambembeleza wiki nzima mpaka akanionyesha daftari la majina.

Nilienda kwake Kapseret, nikasimama kwa geti kama mtu anayeota. Mama wa miaka hamsini hivi akatoka akipangusa mikono, akauliza, "Unatafuta maziwa?" Nikasema ndiyo. Kumbe yuko hai! Tangu hapo, miezi mitatu sasa, kila Jumamosi ananiwekea lita mbili na kiti, tunakunywa chai, na juzi ndege ya abiria ikapaa kutoka uwanjani ikapita juu yetu, akaweka kikombe chini.

"Saa nane," akasema. "Vivian, binti yangu, aliondoka na hiyo. Huu mwaka wa pili, hajapiga hata simu."

Kisha akaniambia kuna watu walikuwa wanamuuliza kwa simu kama ana furaha. "Nikiwa nimesahau, inanikumbusha. Nikaizima. Wewe hauniulizi kitu, ndiyo maana nakupenda."

Sikuwa namuuliza kwa sababu nilikuwa najua. Nikarudi nyumbani nikaiingiza saa ya ile ndege katika modeli yake, na laini ikalala juu ya majibu yake kama shuka juu ya kitanda, Daktari Javan akapiga meza kwa furaha, anataka niiwasilishe mbele ya idara mwezi ujao. Shangazi, nimwambie mama huyu ukweli nimpoteze, ama ninyamaze niendelee kuwa kama binti yake?

Apondi

*

Apondi,

Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuchapisha, na ile namba pia, kwa sababu wewe hukukumbuka kuwaficha.

Kumpenda mtu kupitia nukta za kwenye grafu si dhambi. Wengine wetu tumelala na waume miaka ishirini na hatujui saa yao ya kuanguka. Lakini yule mama aliahidiwa kwamba hakuna atakayemjua, nawe ukamwingilia boma. Halafu uchungu aliokupa kwa kikombe cha chai ukaupeleka darasani. Hapo, binti yangu, nimekasirika. Na Jelagat anaweza kufutwa kazi kwa ajili yako. Katika maswali yako hata hukumtaja.

Unaogopa kumpoteza. Hajawahi kuwa na wewe. Amekuwa na mteja wa maziwa.

Sasa sikia. Itoe ile ndege kwenye modeli leo, kabla hujala. Kesho nenda kwa Daktari Javan useme ulichofanya, na useme ni wewe uliyemsukuma Jelagat. Atakukaripia, masomo yatachelewa muhula mmoja, hutakufa. Jumamosi nenda Kapseret, na kabla chai haijamiminwa mwambie mama kila kitu, pamoja na kwamba ana haki ya kutaka majibu yake yafutwe. Akikuonyesha geti, toka, usibaki nje ukichungulia. Akinyamaza, nyamaza naye. Na akikuuliza wewe unajisikiaje, usimfiche. Yeye amejibu mara mia moja na hamsini. Wewe bado hata mara moja.

Shangazi Nyaguthii