MABINTI WAWILI WA MPISHI: KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA WAZAZI WA MLANGO WA STOO

Kikao kiliitishwa baada ya mpishi wa shule, mkazi wa ghorofa ya pili, kutoa taarifa kwamba binti yake wa kumzaa, aliyechukuliwa na Wenyewe, wale wa upande wa pili wa mlango, akiwa na miaka mitatu, alirudi Jumanne mchana kupitia mlango wa stoo iliyo chini ya ngazi. Binti huyo sasa ana miaka kumi na saba. Yule ambaye Wenyewe walimwacha kitandani badala yake, na ambaye mpishi amemlea tangu siku ile, ana umri huo huo na bado yupo nyumbani.

TAREHE: Jumapili, 14 Juni
MAHALI: Chumba cha kufulia, ghorofa ya chini (dari ya chumba cha mikutano bado inavuja)
KUANZA: Saa tisa na nusu alasiri

WALIOHUDHURIA
Fundi umeme – Mwenyekiti
Mwalimu wa hesabu – Katibu
Mpishi wa shule – Mjumbe, mwenye shauri
Dereva wa lori – Mjumbe
Muuguzi – Mjumbe
Bibi wa cherehani – Mjumbe wa siku nyingi kuliko wote

WAALIKWA
Binti aliyelelewa, anayeitwa Kijiko
Binti aliyerudi, ambaye jengo zima limeshaanza kumwita Mgeni

ASIYEKUWEPO
Msusi. Alituma ujumbe kwamba hana udhuru, hataki tu kuona tena mtoto akirudishwa.

KUMB. NA. 1/06: KUFUNGUA

Mwenyekiti alisema amechoka na anajua wenzake wamechoka pia. Aliomba kila mtu aseme lake mara moja tu. Ombi hilo halikufuatwa.

KUMB. NA. 2/06: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Dereva alipinga kuandikwa kwamba katika kikao kilichopita "alifoka". Alitaka iandikwe "alisema kwa sauti". Muuguzi alisema sauti hiyo ilisikika hadi ghorofa ya nne, ambako alikuwa amelala baada ya zamu. Marekebisho yalikubaliwa ili kikao kiendelee.

KUMB. NA. 3/06: TAARIFA YA MPISHI

Mpishi alieleza kwamba Jumanne alitoka kazini mapema, akamkuta msichana ameketi kwenye ngazi ya kwanza, miguu peku. Alimtambua kwa alama kwenye kiganja, ya kuungua na uji kabla hajachukuliwa. Msichana hakushtuka wala hakulia. Alisema, "Wewe ndiye mama wa huku," kama mtu anayehakiki anwani.

Dereva aliuliza kama Mgeni anakula. Mpishi alijibu kwamba anakula kila kitu ila chumvi, na kwamba usiku halali bali anasimama dirishani. Aliongeza kwamba Kijiko naye alianza hivyo hivyo. Ilichukua mwaka mzima kumfundisha kulala, na hadi leo kivuli chake huchelewa kidogo kumfuata. "Nimeshazoea," alisema. "Nikifunga mlango naacha upenyo, kivuli kiingie."

KUMB. NA. 4/06: UTARATIBU WA KURUDISHA

Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe utaratibu. Aliyechukuliwa akirudi, aliyeachwa badala yake lazima arudishwe kabla ya mwezi kuandama. Mzazi humsimamisha ndani ya stoo, humwambia mara tatu "hatudaiani", kisha hufunga mlango. Asubuhi stoo huwa tupu. Mwezi utaandama Jumanne.

Muuguzi aliuliza utaratibu huu ulitoka wapi. Bibi alijibu kwamba aliukuta. Muuguzi aliuliza aliukuta kwa nani. Bibi alisema kwa waliokuwepo, na kwamba wao pia hawakuwa na muda wa kuulizana maswali.

Dereva alisema yeye hana ugomvi na mtoto, ila ana mapacha wa miaka miwili pale juu na hawezi kuwaweka rehani kwa ajili ya huruma ya mtu mwingine. Alikumbusha kwamba Mwenyekiti alipochelewesha zamu yake ya kurudisha, mtoto wa msusi alichukuliwa wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti alisema jambo hilo analifahamu. Dereva alisema hajasema kwa ubaya. Mwenyekiti alisema halina namna ya kusemwa kwa uzuri.

Kwa faida ya waalikwa, Katibu alieleza kwamba Mwenyekiti alimrudisha kijana aliyemlea, miaka sita iliyopita. Mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa amerudi, alikaa mwaka mmoja akaondoka bila kuaga. Mwenyekiti aliomba maelezo hayo yaishie hapo.

Mpishi aliulizwa kama yuko tayari kutamka neno. Alijibu: "Mdomo wangu hauna neno hilo. Kama kamati inalo, ilitamke yenyewe." Bibi alimweleza kwa upole kwamba, mwanangu, likitamkwa na mwingine halifanyi kazi. Mpishi alisema basi shauri limekwisha, na akasimama. Mwenyekiti alimwomba aketi. Aliketi.

KUMB. NA. 5/06: MAELEZO YA MABINTI

Kijiko aliomba kusema. Dereva alipinga kwa kuwa waalikwa husema wanapoulizwa. Kijiko alisema, "Basi niulize, anko. Nipo hapa nusu saa mnanijadili kama friji bovu, huyu anataka litupwe, huyu anasema bado linagandisha."

Dereva alisema mtoto huyu ana mdomo.

Kijiko alisema mdomo kapewa na mama aliyeketi pale, si na wale. Aliendelea kwamba kama anaondoka, aambiwe na mama mwenyewe, amtazame usoni. Aliongeza kwamba mapacha wa dereva walijifunza kutembea kwa kumshika yeye vidole, korido ya ghorofa ya tatu, wakati baba yao yuko safarini. Dereva alikiri kwamba hilo ni kweli, na kwamba ndiyo maana jambo hili linamnyima usingizi.

Muuguzi alimuuliza Mgeni kwa nini amerudi. Mgeni alieleza kwamba hakurudi, alitumwa. Mama wa kule, aliyemlea, ndiye aliyemzaa Kijiko. Amekuwa akiuliza miaka yote kama mtoto wake anakula vizuri, na hakuna wa kumjibu. Wakuu wa Wenyewe ndio wanaobadilisha watoto. Kina mama hawaulizwi, wa huku wala wa kule.

Mpishi aliuliza: "Utamwambia nini?"

Mgeni alijibu: "Kwamba anakula na anajibu wakubwa."

Kijiko alicheka. Baada ya kicheko chake kivuli chake nacho kilitikisika ukutani, na dereva akahamisha kiti.

Muuguzi aliuliza kama ni kweli kwamba utaratibu usipofuatwa, Wenyewe huchukua mtoto mwingine. Mgeni alisema kule hakuna mtu aliyewahi kuusikia utaratibu huo. Huchukua wanapotaka, hawaangalii mwezi wala kikao. Mtoto wa msusi alikuwa ameshachaguliwa tangu anazaliwa.

Bibi aliomba maji. Muuguzi alimpatia.

Dereva alisema maneno ya mtu aliyelelewa na Wenyewe hayawezi kuchukuliwa kama ushahidi. Mgeni alikubaliana naye. Alisema naye angesita.

KUMB. NA. 6/06: SWALI LA MWENYEKITI

Mwenyekiti aligeuza kiti chake kumwelekea Mgeni. Kisha aliuliza waliorudishwa huwa wanakwenda wapi.

Mgeni alijibu kwamba wanafika, lakini hawaingii. Mtu aliyekwisha kuambiwa "hatudaiani" hana wa kumdai hata kule, hivyo hakuna nyumba inayoweza kumfungulia, hata ya mama yake. Wanakaa upande wa pili wa mlango, mahali panapofanana na korido ndefu. Hawateswi. Wanasikia watu wakipanda na kushuka ngazi, na wanawajua kwa miguu. "Baba mwenye viatu vizito. Bibi anayepumzika kila kituo. Wanabishana nani ni nani."

Mwenyekiti aliuliza kama miongoni mwao yupo kijana mwenye kovu kwenye nyusi, la kuanguka na baiskeli.

Mgeni aliuliza: "Yule anayepapasa kuta kutafuta swichi?"

Mwenyekiti alisema huyo.

Mgeni alisema yupo. Amekuwa mrefu. Anakaa karibu na mlango kuliko wote na hakubali mtu achukue nafasi yake.

Mwenyekiti aliomba kikao kisimame. Alitoka, akaenda kukaa kwenye ngazi. Wajumbe walibaki chumbani. Bibi, ambaye mikononi mwake walipita watoto wengi wa kurudishwa wakati yeye akiwa mwenyekiti, alisema bila kumwelekea mtu, "Mimi niliambiwa wanakwenda kwao." Mpishi alihama kiti akaenda kuketi karibu naye.

Mwenyekiti alirudi. Dereva alimpisha njia, akamshika bega. Mwenyekiti alisema, "Tuendelee, bwana."

KUMB. NA. 7/06: KURA

Hoja: Kijiko arudishwe kabla ya Jumanne.

Mpishi hakupiga kura, kwa kuwa shauri linamhusu. Dereva aliunga mkono hoja, akataka iandikwe kwamba ni kwa ajili ya mapacha na si kwa jambo lingine lolote. Bibi aliunga mkono. Muuguzi na Katibu walipinga. Kwa kuwa kura zililingana, uamuzi ulibaki kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alisema kwamba kwa miaka sita amelinda utaratibu huu kwa sababu moja tu, na hakuwahi kuisema. Kama ungevunjwa hata mara moja na dunia isianguke, basi yeye alimfungia mtoto mlango bure. Alisema sasa ameshajua kwamba alimfungia bure, na hata akimfungia na huyu, hatia yake haitapungua.

Alipiga kura ya kupinga. Hoja ilikataliwa.

Bibi aliomba kura yake ibadilishwe. Mwenyekiti alimweleza kwamba matokeo hayabadiliki. Bibi alisema anajua, ibadilishwe hivyo hivyo. Ilibadilishwa.

Dereva alisema anaheshimu uamuzi lakini bado anaogopa. Ilikubaliwa kwamba mapacha wake walale kwa muuguzi, ghorofa ya nne, hadi mwezi uandame, na wajumbe wapokezane kukaa na mlango wa stoo. Kijiko alijitolea zamu ya kwanza. Dereva alimtazama, kisha akasema atakaa naye.

Mpishi aliulizwa kuhusu Mgeni. Alisema niliyemlea sitamtoa, niliyemzaa sitamfukuza, na kwamba wote wawili hawajala tangu asubuhi kwa sababu ya kikao hiki. Mgeni alisema atakaa hadi Jumamosi, kisha atapeleka majibu kwa mama wa kule. Kama atarudi tena, hajui. Mpishi alisema amesikia. Alifuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

KUMB. NA. 8/06: KUITWA KWA WALIOMO KORIDONI

Mwenyekiti aliomba mlango wa stoo ufunguliwe Jumamosi, wakati Mgeni anaondoka, ili amwite kijana wake. Katibu aliuliza ni maneno gani yatakayotumika, maana hakuna yaliyowahi kupangwa. Mwenyekiti alisema hana maneno, ana jina lake tu.

Muuguzi aliuliza kama itafaa. Mgeni alisema hajui, hakuna aliyewahi kujaribu. Alitahadharisha kwamba mlango ukifunguliwa watasikia wote, si yule mmoja, na ambaye hataitwa atajua kwamba hakuitwa.

Kwa sababu hiyo iliazimiwa kila mzazi aliyewahi kurudisha mtoto apewe taarifa, pamoja na waliohama. Bibi atawataja anaowakumbuka. Katibu ataanza na msusi, ambaye naye baadaye alirudisha aliyeachiwa, kesho asubuhi kabla hajafungua saluni, na hatamshawishi. Atamwambia saa tu.

KUFUNGA NA HATUA INAYOFUATA

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo jioni. Wajumbe watakutana Jumamosi, 20 Juni, saa kumi jioni, mbele ya mlango wa stoo. Dereva atatoa mafagio na makopo ya rangi kabla ya saa tisa ili watu wapate pa kupita. Mwenyekiti ataweka taa.

Sahihi: ........................ Mwenyekiti

Sahihi: ........................ Katibu