Kitenge cha Mama Kipelekwe Mogitu

Mogitu, Hanang

Kwako Baba Mkubwa, uliyekalia kiti cha ukoo wetu, shikamoo. Kwako Baba yangu mzazi, shikamoo. Shangazi, shikamoo. Mjomba na ndugu wote wa upande wa Mama mliosafiri kuja Mbinga kumaliza matanga ya dada yenu, shikamooni. Katekista wetu, Tumsifu Yesu Kristo. Majirani na wanajumuiya mliotubebea kuni na maji tangu siku ya mazishi, nawasalimu kwa heshima zote. Wadogo zangu, Damiani na Anjela, hamjambo?

Nimemwomba Damiani asimame aisome barua hii kabla chakula hakijapakuliwa. Najua wengi wenu mmetazama mlangoni tangu asubuhi mkinitegemea. Mimi ndiye binti mkubwa. Kwa desturi yetu ni mimi ninayepaswa leo kukalia kigoda cha Mama, kufungua sanduku lake na kugawa vitenge vyake, ili Baba avue nguo nyeusi na nyumba irudi kuwa nyumba. Sikuja. Udhuru wa jambo kama hili hautolewi kwa simu, ukikatwa katikati na mtandao, ndiyo maana nimeandika. Naomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu mwisho wa barua hii upo uamuzi ambao ni ninyi tu mnaoweza kuutekeleza.

Baba, kifua kinaendeleaje? Damiani aliniambia umeanza tena kwenda mwenyewe kuangalia kahawa. Nilifurahi, kisha nikaogopa, kwa sababu ninakujua. Baba Mkubwa, macho yako je? Nilitaka nije nikusomee magazeti kama zamani. Mimi mwili wangu ni mzima. Huku baridi ni kali, upepo unashuka mlimani na kupita katikati ya mahindi, na asubuhi Mlima Hanang hauonekani kabisa mpaka jua lipande.

Wengi wenu mnajua nafundisha watoto wadogo, lakini mnadhani nafundisha a, e, i, o, u. Shule yetu ni ya ushirika wa wazazi. Wao ndio walioichangia matofali, wao ndio wanaotuajiri, na kila siku mzazi mmoja huja kwa zamu kupika uji na kukaa na watoto. Tunafundisha kwa michezo. Kuna kona ya mchanga, kona ya ujenzi, kona ya ng'ombe wa udongo, na kona ya nyumbani yenye masufuria ya vizibo na wanasesere wa magunzi. Mtoto huchagua mwenyewe. Mwalimu haruhusiwi kuuvunja mchezo. Anapiga magoti pembeni na kuuliza, "Na mimi ni nani hapa?" Watoto ndio wanaokupa kazi. Nimeshakuwa ng'ombe aliyepotea. Nimeshakuwa bibi anayegombana na mwenye mashine ya kusaga. Siku moja walinifanya mvua, nikazunguka uwanja mzima nikinyesha, mpaka mzazi wa zamu akauliza kama nimelewa.

Tulikuwa walimu wawili. Mwenzangu anaitwa Paskalina, Mwiraqw, mzaliwa wa hapahapa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ana utulivu ambao mimi sina. Mtoto akilia, Paskalina hambembelezi haraka, anakaa karibu naye mpaka kilio kiishe chenyewe. Mwaka huu, baada ya mimi kurudi kutoka kumzika Mama, alijifungua mtoto wa kiume baada ya kungoja kwa muda mrefu. Alikuja naye shuleni mgongoni, na watoto wakagombania kumwimbia. Mtoto yule alishikwa na homa, akapelekwa hospitali, akarudi amefunikwa shuka.

Ndugu zangu, nilifanya kama Mama alivyonilea. Nilichukua sukari na unga, nikajitwika, nikaenda. Njiani nilishangaa. Kwetu, nyumba yenye msiba unaijua kwa watu waliojaa mpaka barabarani. Ile ilikuwa kimya, na hata kuku walikuwa wachache uani. Nikasema moyoni kwamba watu hawa wamemtupa mwenzao. Niliingia bila kubisha hodi, nikamkumbatia Paskalina, tukalia. Nilipika uji, tukanywa pamoja kikombe kimoja kwa sababu yeye alikuwa hataki kunywa. Mama mkwe wake, Bibi Martha, alisimama mlangoni akapiga kelele.

"Mwalimu! Nani kakwambia uingie?"

"Bibi, shikamoo. Nimekuja kumpa pole."

"Pole inasemwa ukiwa nje! Sasa umeingia, utatokaje?"

Nilidhani ni uchungu unaomsemesha. Nikatoka, na kesho yake nikaenda kazini.

Siku ile mzazi wa zamu hakuja. Nilipika uji mwenyewe. Kesho yake watoto walipungua, na siku iliyofuata wakapungua zaidi. Hakuna aliyeniambia neno. Wazazi walinisalimia vizuri kabisa, lakini kutoka mbali. Wa kwanza kunieleza alikuwa mtoto mmoja anayeitwa Sabina, mwenye maneno mengi kuliko meno. Alikuwa kona ya nyumbani. Alikuwa amejenga nyumba ya mawe, akamweka mwanasesere mmoja ndani peke yake, na wanasesere wengine amewapanga mbali. Nikataka kupita.

"Mwalimu, usipite hapo."

"Kwa nini?"

"Huyo mama anakaa."

"Anakaa tu? Hana hata wa kumsalimia?"

"Anakaa mpaka iishe."

"Iishe nini?"

Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama asiyejua njia ya kwake. "Iishe, Mwalimu!" Kisha akachukua jani, akaweka juu yake mchanga kidogo, akalisukuma kwa kijiti mpaka karibu na nyumba ile, akarudi nyuma. "Huo ni unga wake."

Nikapiga magoti kama kawaida. Nikauliza, "Na mimi ni nani hapa?"

Sabina akafikiri. Akachukua gunzi jingine, akaliingiza ndani ya mawe. "Wewe ni huyu. Umeingia. Usitoke sasa, unaharibu mchezo."

Mchana wa siku hiyohiyo alikuja Mzee Bura, mwenyekiti wa ushirika wetu. Alisimama chini ya dirisha, akakataa kiti.

"Mwalimu, hebu niulize. Kwenu mtu akifiwa, mnamvamia?"

"Tunamjaa, Mzee. Hatumwachi peke yake."

"Mnamjaa mpaka lini?"

"Siku chache. Mpaka watu warudi mashambani."

"Na wakishaenda?"

Yeye hakungoja jibu. Alinieleza kwamba hapa, nyumba iliyopoteza mtoto hukaa pembeni kwa miezi. Haichangii maji wala moto na watu wengine, wala haiendi penye watoto, mkosi usije ukawafuata. Siku ikitimia, mama anaogeshwa, nguo alizokaa nazo zinatupwa, anavishwa nyingine, anatoka, na baada ya hapo hakuna anayemkimbia. Alikiri kwamba wengi siku hizi wameiacha desturi hiyo, hasa walio mjini Mbulu na Katesh, na kwamba hata kanisani wanaisema vibaya. "Lakini Bibi Martha hajaiacha," alisema, "na kina mama wa watoto hawa hawataki kujua kama ni kweli au si kweli, ikiwa anayejaribiwa ni mtoto wao. Wewe umekunywa kikombe chake. Ungekuwa mgeni tu, tungesema haya, hajui. Lakini ulitoka pale ukaja hapa, ukawashika watoto mikono."

Nilimwuliza nifanye nini. Akasema wazazi wamekaa, na wameona njia mbili. Ya kwanza, niende zangu kwetu kwa amani, na ushirika utafute walimu wengine wawili. Wawili, alirudia, kwa sababu Paskalina hatangojwa miezi yote hiyo. Ya pili, nikakae naye mpaka mwisho, tutoke pamoja, turudi darasani pamoja. Kina mama wangewashika watoto kwa zamu mpaka siku hiyo. "Ukikaa naye tutawangoja. Mmoja akikaa peke yake ni msiba wake. Wawili mkikaa, ni shule imekaa."

Basi, wazazi wangu, huko ndiko niliko. Nalala kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa Paskalina. Tunachota maji yetu mahali petu. Na lile nililoliona siku ya kwanza nikaliita kutupwa, sasa naliona kwa ndani. Kwenye mpaka wa shamba kuna jiwe pana. Kila tukiamka tunakuta kitu juu yake: unga, kuni, maziwa katika kibuyu, siku moja kuku hai aliyefungwa miguu. Aliyeweka hatumwoni. Hakuna anayekuja kutuambia tujikaze, wala anayesema Mungu atatoa mwingine. Paskalina analia anapotaka, na siku nyingine analia tangu asubuhi, nami nakaa karibu naye kama alivyonifundisha kukaa na watoto.

Jioni moja aliniuliza, "Mama yako alizaa wangapi?"

Nilisema watatu. Kisha nikakumbuka kwamba si kweli. Baba, unisamehe nikilisema hili mbele ya watu, lakini nadhani leo ndiyo siku yake. Mama alizaa wanne. Kabla yangu alikuwepo msichana ambaye hakufikia kutambaa. Mama aliniambia mara moja tu, tukichuma kahawa, bila kunitazama. Alisema, "Watu walijaa hapa, wakapika, wakaimba. Halafu wakaenda. Nilibaki na maziwa kifuani, na hakuna aliyemtaja tena." Nilikuwa msichana, nikaendelea kuchuma. Mnaniita binti mkubwa, lakini kigoda mlichoniwekea leo kilikuwa cha mwingine kabla yangu.

Nilimweleza Paskalina. Akasema, "Kumbe mama yako hakutoka." Nikamwambia ni kweli, hakutoka.

Damiani aliponipigia kunipa siku ya kumaliza matanga, nilihesabu na kuona kwamba siku yetu ya kutoka haijafika. Anjela aliniandikia ujumbe ambao nimeusoma mara nyingi: "Dada, unafundisha watoto wa watu kucheza, sisi tunamlilia Mama." Mdogo wangu, sikukasirika. Nilifunga begi. Nilifika hadi kwenye jiwe, nikasimama. Mzee Bura alikuwa upande wa pili akichunga mbuzi wake, akaliona begi.

"Mwalimu, mama ni mama. Ukienda hatutakuita mbaya," alisema. "Basi liko Katesh. Lakini sitakudanganya kwamba mwenzako atangojwa."

Nyuma yangu Paskalina alikuwa anafagia ua. Aliniona na begi, akaendelea kufagia palepale, mahali pamoja, mpaka vumbi likaisha. Nilirudi ndani. Kama nimekosea, ndugu zangu, nimekosea mara ya pili, na safari hii nikijua.

Barua hii nitaiweka juu ya jiwe, na Mzee Bura ataipeleka kwenye basi. Nilimwuliza kama karatasi nayo inabeba mkosi. Akasema, "Barua za serikali zimebeba mikosi mingi kuliko hiyo, na tunazipokea."

Nisalimieni shangazi yangu mdogo ambaye miguu imemzuia kufika kikaoni. Nisalimieni mwalimu wangu wa darasa la kwanza, aliye jirani yetu upande wa mtoni, na mama aliyemwosha Mama siku ya mwisho; yeye mwambieni sijamsahau. Wajukuu wa Baba waambieni shangazi yao anajua kunyesha kama mvua, nikija nitawaonyesha.

Sasa, Baba Mkubwa, Baba, Shangazi, Mjomba na kikao chote, nautoa uamuzi wangu kama binti mkubwa, nami naomba msiuahirishe wala msiuwekee kikao kingine.

Msinisubiri. Baba avue nguo nyeusi leo. Anjela akalie kigoda, ndiye aliyemuuguza Mama mimi nikiwa mbali, na alifungue sanduku kwa mkono wake. Kabla hajagawa kitenge hata kimoja, Baba asimame amtaje kwa jina yule mtoto wa kwanza, kwa sauti ambayo waliokaa nyuma wataisikia. Mimi jina lake silijui. Damiani aniandikie.

Kisha, chini kabisa ya sanduku kipo kitenge cha bluu chenye maua meupe ambacho Mama alikihifadhi na hakukivaa. Hicho ni fungu langu. Kifungwe kiletwe Mogitu kwa basi, kwa sababu siku ya kutoka Paskalina atahitaji nguo ya kuvishwa. Nilimwomba ruhusa Bibi Martha. Aliuliza, "Cha marehemu?" Nikasema ndiyo. Akafikiri sana, akauliza kama huyo marehemu alizaa. Nikamjibu alizaa, na alizika.

Akasema, "Basi kilete."

Anjela, inuka ukafungue sanduku.

Ni mimi binti yenu,
Benadeta