Tela Linapiga Mkia

Jumatatu, 6 Januari 1975
Safari mbili leo, Busibwabo hadi ghala la pamba mjini. Vumbi. Mgongo unauma. Bondeni Mundika tela limepiga mkia tena, kushoto, kulia, kushoto, na mimi juu ya trekta nimeng'ang'ania usukani kama mtu aliyeshika pembe za fahali. Wanawake walioketi juu ya magunia wamepiga mayowe. Nimelichoka tela hili.

Jumatano, 8 Januari
Fundi amebadilisha pini inayoliunga tela na trekta. Ya zamani ilikuwa imelika upande mmoja. Amekaza nati, akatia grisi. Akasema, "Sasa hiyo imetulia, boss." Haikutulia. Mzee Ouma, mwenye trekta, anasema nipunguze mwendo. Nikipunguza zaidi ya hapo nitapitwa na mkokoteni wa ng'ombe.

Ijumaa, 10 Januari
Tumepakia kama kawaida, magunia yote nyuma, mbele wazi. Amri yangu mwenyewe hiyo. Mwaka juzi moshi wa trekta ulipaka masizi pamba ya Mama Nekesa. Karani wa ghala akaipanga fifi, daraja la chini, badala ya safi, mama wa watu akalia hadharani. Tangu siku hiyo gunia halikai karibu na trekta. Wakulima wananisifu kwa hilo, na mimi napenda kusifiwa.

Jumamosi, 11 Januari
Mkia umempiga Barasa, yule anayevusha watu mpakani kwa baiskeli. Alikuwa amesimama pembeni kabisa akingoja tupite. Ubao wa nyuma ulimkuta kifuani. Kosa si lake hata chembe. Tumempeleka hospitali juu ya magunia yale yale. Njiani akaniuliza, "Mzee, baiskeli yangu iko?" Nikamwambia iko. Haikuwa baiskeli tena.
Polisi wamepima barabara, wakaandika ajali, wakaniachia.

Jumanne, 14 Januari
Sijaendesha tangu Jumamosi. Nimelala chini ya tela asubuhi nzima. Nimepima magurudumu kwa kamba, yako sawa. Mzee Ouma amesema likicheza tena nimrudishie ufunguo. Ufunguo achukue. Mimi nataka kujua kwa nini.
Hospitalini Barasa hali hata uji. Mama yake ananiita mwanangu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 16 Januari
Barasa amefariki alfajiri.

Jumamosi, 18 Januari
Mama yake aliomba tela hili hili limpeleke nyumbani Busibwabo. Mzee Ouma akakubali. Nilitaka kukataa, nikaona haya.
Wazee walisema jeneza halikai nyuma kama mzigo wa sokoni. Likawekwa mbele, nao wakalizunguka, wote wazito. Nyuma wakabaki vijana wawili na mashada ya maua. Tulipofika bondeni nikakaza mikono, nikasubiri mkia. Haukuja. Tela lilinifuata kama ndama nyuma ya mama yake.
Nikajua papo hapo. Mzigo ukikaa mbele, unakandamiza ile pini. Ukikaa nyuma, unainyanyua, na tela linakosa wa kulishika. Pini haikuwa na kosa, wala magurudumu. Mimi ndiye niliyelipakia vibaya, miaka miwili, nikipewa asante. Nililia hadi makaburini. Watu walidhani nalia kama wao.

Jumatatu, 20 Januari
Leo tumeanza kupakia mbele. Magunia ya mbele nimeyafunika turubai, masizi yasiyaguse. Turubai lenyewe lilikuwa chini ya kiti changu tangu mwaka juzi.
Safari mbili. Tela limetulia zote mbili. Pamba yote safi.
Jioni nimekwenda kwa mama yake Barasa. Nimemweleza yote, magunia, masizi, turubai. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaniletea ugali na mboga, tukala pamoja.