Jina Lako Limekuwa Neno

Kabula, nkoi, rafiki yangu,

Mwadila, nakusalimu. Nakuandikia nikiwa nimekukasirikia, ingawa nyasi zimeshaota juu ya kaburi lako.

Unamkumbuka yule padri Mfaransa wa misheni, tulipokuwa tukimfulia kanzu? Alituambia kwamba zamani sana, enzi za wafalme wao, Wafaransa walimpa fundi viatu jina lililotokana na mji wa Kordoba, kulikotoka ngozi nzuri. Na aina ya vitunguu vidogo ikaitwa kwa jina la mji wa Askaloni. Wewe ukamuuliza, "Na sisi wa Bariadi, Padri, tutaitwa kitu gani?" Akacheka mpaka akavua miwani. Mimi niliuliza maswali ya maana, na hakunichekea hata siku moja. Wivu wangu ulianzia hapo.

Sasa sikia. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, ulikuja shamba la pamoja umejifunga shuka moja: mtoto mgongoni, pamba tumboni, mikono yote miwili ikichuma. Tulikucheka. Leo wanawake wote wanajifunga vile, na shuka yenyewe wanaiita kabula. "Kabula yangu imejaa." Hata mume wangu juzi: "Mama Shija, kabula yako iko wapi?" Nilinuna, nikamtengea ugali bila mboga. Umekufa, na bado umo midomoni mwa watu! Mimi niliye hai, nani ameita kitu Nyamizi? Hata mwiko.

Halafu bwana shamba alikuja kutoka Maswa, akasikia wanawake wakitaja kabula, akauliza Kabula ni nani. Binti mmoja, wa wale waliohamia baada yako, akamjibu, "Si mtu. Ni neno tu."

Nkoi, nilitupa pamba chini. "Alikuwa mtu!" nikamwambia. "Alikuwa na mwanya. Aliimba vibaya kanisani wala hakujali. Alikufa kwa homa, na mimi ndiye niliyemfumba macho." Ukanipanda wivu mwingine, mkali kuliko ule: wanakutaja kutwa, wala hawakukujua.

Mwanao yuko kwangu. Ananiita mama. Hapo nimekushinda, na sioni haya kukuambia. Lakini nitamsimulia habari zako, zote, hata zile zinazoniuma.

Pumzika, nkoi. Wengine waseme wapendavyo. Mimi ile nitaiita shuka ya pamba mpaka nizeeke. Kabula kwangu ni mtu mmoja.

Nyamizi