Shemeji Anamimina Nini Kwenye Tanki Langu la Samaki?

Mshauri mpendwa, shikamoo, nakuomba usome mpaka mwisho maana hapa nilipo sina wa kumwambia, mama nikimwambia atalia, na wenzangu kazini watanicheka mpaka mwaka uishe.

Mimi ni fundi simu, kijana, naishi kwa kaka yangu mkubwa ambaye ni dereva wa lori na safari zake ni ndefu, kwa hiyo nyumbani mara nyingi tunabaki mimi na shemeji, na tulikuwa tunaelewana sana, utani kutwa nzima, mpaka lilipoingia hili tanki. Kliniki ya meno iliyokuwa jirani na kibanda chetu cha kazi ilihama wakaacha tanki la samaki la kioo, zuri, halina hata ufa, nikalibeba, nikaliweka sebuleni, mwenyewe nikafufua pampu yake, nikaweka mchanga, mawe na maji ya chumvi, yote nimejifunza kwenye video, na ninachotaka ni wale samaki wa baharini wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, siyo hawa wa maji baridi ambao kila mtu anao.

Sasa muuza samaki akaniambia nisiweke samaki kwanza, eti tanki lazima liive, eti kuna vijidudu visivyoonekana vinatakiwa kuzaliana kwenye mawe ili viwe vinakula uchafu wa samaki, na ili vipate pa kuanzia nitumbukize kamba mmoja mbichi wa baharini, nimwache aoze humo humo, halafu nisubiri wiki kadhaa. Mshauri, nilimwangalia usoni. Duka lake limejaa samaki wanaoogelea, mimi natoka na maagizo ya kuozesha kamba! Nikajua huyu ananizungusha.

Nikafanya hivyo hivyo. Kuna kipimo, unaweka matone kwenye maji kidogo, yakiwa kijani ujue kuna amonia, sumu ya uozo. Yakawa kijani. Nikashtuka, nikamwaga maji yote, nikasugua mawe bombani kwa dawa ya kutoa madoa, nikaanza upya na kamba mwingine. Kijani tena! Halafu mchanga ukaota kitu cha kahawia kama ugoro, na kamba akatoweka. Kamba aliyekufa anaenda wapi? Nikamuuliza shemeji, akanijibu, "Mimi nitamjulia wapi kamba wako, shem? Labda kapata nauli." Akacheka. Kile kicheko sikukipenda.

Ndipo nikachukua simu yangu ya zamani nikaificha nyuma ya televisheni inarekodi, nikaweka kamba mpya kama mtego, na nikamnasa. Anaangalia mlangoni kwanza, anaingiza kijiko kirefu, anamtoa kamba, anamfunga kwenye gazeti, halafu anachukua jagi anamimina kitu tankini, huku anaimba. Anaimba, mshauri! Nikamtumia kaka ile video na ujumbe, "Braza, mkeo ananihujumu, na kama tanki tu analifanyia hivi, wewe unachokula unakijua?" Hapo mwisho labda nilizidisha kidogo.

Kaka hakunijibu mimi, alimpigia shemeji, nikamsikia shemeji kupitia ukutani akisema, "Kwa hiyo unamwamini yeye?" Tangu hapo nikimsalimia anaitikia huku anaangalia sufuria, na jana mlango wa chumba chao ulikuwa wazi nikaona begi lake kitandani, nguo zimekunjwa nusu. Kaka anafika Jumamosi na amemwita baba mdogo, kuna kikao. Naomba unishauri nitoe vipi ushahidi wangu mbele yao, na je, niweke simu nyingine jikoni kabla hawajafika ili nijue kwenye jagi kuna nini?

Fundi mwenye mashaka

* * *

Fundi, marahaba. Hiyo simu ya jikoni usithubutu.

Nilianza kukusoma kwa huruma, maana kusubiri kitu usichokiona kinachemsha akili, na mimi mwenyewe nina tanki la maji ya chumvi hapa sebuleni, najua kukaa unatazama mawe kama mtu anayelinda ghala tupu. Kwa hiyo kwa upande wa samaki umefika penyewe. Yule muuzaji hakukuzungusha. Ile rangi ya kijani uliyoikimbia ndiyo uliyokuwa unaisubiri! Amonia ikipanda, vijidudu vya kwanza vinapata chakula, vinaigeuza kuwa sumu nyingine, halafu vinakuja vya pili vinaigeuza hiyo kuwa kitu ambacho samaki anaweza kuvumilia. Na ule ugoro wako mchangani ni kawaida ya tanki changa, unakuja, unaondoka wenyewe. Lakini wewe vijidudu vikianza tu kushika, unavisugua kwa dawa ya kutoa madoa. Unamtafuta mhujumu, mdogo wangu? Chungulia kwenye kioo cha hilo tanki, utamwona anakuangalia.

Tuje kwa shemeji yako. Umeozesha mzoga sebuleni kwake, na barua yako nimeisoma mara mbili sijaona popote ulipomweleza huyo kamba ni wa kazi gani. Mwenye nyumba gani atanusa hivyo anyamaze? Alitakiwa akwambie, "Shem, hiki kitu kinanuka," akaona aibu akakutania, na hapo alikosea, sikatai. Unasema aliangalia mlangoni kwanza. Mtu anayeangalia mlango ili atoe uozo kwenye sebule yake mwenyewe anamwogopa nani kama siyo wewe na makelele yako?

Kwenye jagi kulikuwa na nini, mimi sijui, na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba maji ya tanki yakikauka yanaiacha chumvi nyuma, kwa hiyo cha kujazia ni maji yasiyo na chumvi. Kama aliona maji yameshuka akaongeza ya kunywa, basi hajaharibu kitu. Lakini hayo ni mawazo yangu tu. Mwenye jagi yupo hapo hapo, ana mdomo, muulize.

Sasa nikugombeze vizuri. Umemrekodi mke wa kaka yako kwa siri ndani ya nyumba yake, unamchungulia mpaka kitandani begi likoje, halafu ukamwambia mwanaume aliye barabarani na lori kwamba huenda chakula chake kina kitu. Ulijua unachosema? Kamba alikuwa amepotea, wewe ukataja sumu. Hilo siyo "kuzidisha kidogo". Mwanamke hakunji nguo kwa sababu ya tanki. Anakunja kwa sababu mumewe ameambiwa amwogope, na hajui kama ameshaanza kumwogopa.

Usisubiri Jumamosi. Ukisoma hapa, weka gazeti chini umpigie kaka yako, umwambie hivi: lile neno la chakula nililitunga, sina ushahidi wowote, ulikuwa wasiwasi wangu. Usichanganye na habari za kamba, atakuona unajitetea. Halafu nenda kwa shemeji, mchana, mlango wazi, mpe ile simu mkononi aifute video mwenyewe. Usimwambie "nisamehe lakini". Hiyo "lakini" imeze. Baba mdogo akija, omba wewe uanze kuongea, useme haya haya, ili shemeji asilazimike kujieleza mbele ya wazee kwa kosa la kusafisha nyumba.

Kuhusu tanki, achana na kamba, tumia punje chache za chakula cha samaki, zinafanya kazi ile ile bila kumfukuza mtu sebuleni. Mawe usiyaoshe tena. Pima mara moja kwa wiki, siyo kila ukipita. Samaki asiingie mpaka hizo sumu zote mbili zimeshuka zikaisha, kila moja kwa kipimo chake, hata kama mikono inakuwasha.

Na hata hayo ni mpaka shemeji aseme. Muulize kama bado analitaka hilo tanki sebuleni kwake. Akisema litoke, libebe siku hiyo hiyo ulipeleke kibandani kwenu, na usinune.