Joho Haliendi Bustan

Mama yangu,

Nakubusu mikono kwanza, maana ukifika katikati ya barua hii huenda ukaninyima. Magoti yanakuendeaje? Na dawa ya kuchua niliyompa kaka Hamadi akuletee, unaitumia au umewagawia majirani kama kawaida yako? Sisi huku ng'ambo, Bawshar, wazima, alhamdulillahi, ila joto linatuonea.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Umeniambia wifi yangu Zuwena amekushitakia, na kwamba nimpe joho nisigombane na wakwe. Mama, sikumpa. Sasa sikiliza na upande wangu.

Zuwena alitaka joho letu la hariri ya Kichina liwekwe ndani ya kabati la kioo, kwenye maonyesho ya vitu vya kale katika hoteli kule Bustan. Nilikubali mtaalamu aje kulitazama tu. Asubuhi ile nikafanya ulivyonifundisha: nikawasha chetezo, nikalitandaza joho juu ya tenga, likanywa udi mpaka kwenye mikono yake mipana. Mgeni aje nyumbani, umtolee nguo isiyo na harufu? Mtaalamu, mama wa makamo mwenye adabu zake, akavaa glavu, akainama, kisha akarudi nyuma. Akauliza kwa upole kama limetiwa moshi. Nikamjibu ndiyo, na kabla yangu alilifukiza mama, na bibi, kila harusi. Akasema moshi unaichosha hariri. Joho lilishonwa kwa ajili ya bibi wa jumba la mfalme huko China, akasema, na lisivaliwe tena kamwe.

Mgeni alipotoka, Zuwena aliyemleta akanigeukia.

"Wifi, umen'aibisha. Hii turathi, si kanga. Na nyinyi wenyewe mlipewa tu."

"Tulipewa, ndiyo. Nani kakwambia tumeiba?"

"Bibi yenu alikuwa akinyonyesha watoto wa watu, wallahi. Joho la mabibi linataka mahala pake."

Hapo damu ilinipanda. Ni wewe uliyenisimulia kuwa Bi Mwanakhamis, bibi yako, alimnyonyesha mtoto wa tajiri pale Mjini huku mwanawe mwenyewe akinyweshwa uji. Siku ya kuagana, mke wa tajiri alimvalisha joho lile kwa mikono yake. Maziwa yale ndiyo yaliyolileta joho kwetu. Leo unaniambia nilitoe kwa ajili ya amani? Amani ya kunyamazishwa siitaki, mama, hata ikitoka kwako.

Zuwena akaapa kwamba mjukuu wako Raya akilivaa ukumbini siku ya harusi yake, yeye hataonekana. Suleiman, mume wangu, akanisihi nimwachie dada yake, maana harusi bila shangazi wa bibi harusi ni maneno kwa watu. Nikamwambia maneno yatasemwa tu, na maji nimekwishayavulia nguo. Nikamwuliza Raya mwenyewe.

"Nnalitaka," akasema. "Lakini likichanika, mama?"

"Likichanika tutashona."

Basi alilivaa. Lile joho la buluu na korongo wake weupe wa kutarizi, juu ya mwanangu aliyejaa hina, wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikalia. Kiti cha shangazi kilibaki kitupu, nikaenda kukikalia mimi. Raya alipoinua mkono kuwapungia wenziwe, mshono wa kwapani ukaachia. Nikaomba sindano, nikamshona palepale mbele za watu, na uzi uliopatikana ulikuwa mwekundu. Baadaye wakanishauri nitafute wa buluu. Sitafuti.

Nisalimie shangazi Mwanaidi anayekupikia, umwambie achari yake imefika bila kuvuja. Nisalimie na kaka Hamadi, na mkewe aliyejifungua juzi. Mtoto nimemwekea nguo.

Zuwena atakupigia tena, namjua. Usimwombe radhi kwa niaba yangu. Wewe ulilivaa siku yako, na mama yako yake. Akikuuliza joho ni la nani, mjibu kwa sauti yako mwenyewe, mama: ni la wajukuu wa aliyenyonyesha.

Mwanao asiyesikia,
Rukia